Safari Huanzia Nyumbani

Kila mwaka, sikukuu ya Pasaka ikiisha kupita, habari za Namugongo huanza kusikika katika parokia zetu za Butembo na Beni. Mmoja asema kwamba ameweka akiba tangu Noeli. Mwingine auliza kama kuna basi litakalokodiwa. Mabibi wa kwaya wapima vitambaa vya sare. Wote wataka kuwa Uganda tarehe 3 Juni, siku ambayo Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Nia hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini Namugongo iko katika nchi ya wengine, na nia njema peke yake haivuki mpaka. Kwa sababu hiyo twapenda kuzungumza nanyi, baba na mama wa nyumba, nanyi vijana wa shule, juu ya mambo yanayopasa kutengenezwa kabla ya kufunga mzigo. Tumeifanya safari hiyo zaidi ya mara moja, tukaona waliofika kwa furaha na waliorudishwa wakilia. Mara nyingi tofauti yao ilitokana na kazi iliyofanywa, au isiyofanywa, nyumbani mwao wiki nyingi mbele.

Tukumbuke kwanza ni nani wanaotuita. Mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22. Waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga wa Buganda, na wengi wao walichomwa moto Namugongo siku moja, tarehe 3 Juni 1886. Papa Benedikto XV aliwatangaza wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Watu hawa hawakupewa nafasi ya kufunga mizigo. Walitolewa Munyonyo, kwenye makao ya mfalme, wakaenda kwa miguu hali wamefungwa. Hata hivyo hawakwenda bila kujitayarisha. Usiku wa kuamkia hukumu, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, na kati yao Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Lililokuwa la lazima lilitengenezwa kwanza. Nasi tunaokwenda kuwaheshimu tufuate mfano huo.

La lazima la kwanza ni baraza la nyumbani. Baba asilete habari ya safari kama amri, wala mama asiifiche katika kikundi chake cha akiba. Waketi pamoja, wahesabu. Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama, asije akachekwa na wapitao. Nauli ya kwenda ni sehemu moja tu ya hesabu ya Namugongo. Kuna nauli ya kurudi, chakula cha njiani, karatasi za safari, malazi, na fedha za kando kama gari likiharibika au mtu akiugua. Kuna posho ya wale wanaobaki. Tena kuna madeni: mwenye kudaiwa na jirani, kisha apita mbele ya mlango wake akienda hija, amwachia jirani huyo kikwazo.

Twamjua mzee mmoja aliyeuza mbuzi wawili waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya karo ya binti yake. Alikwenda, akasali, akarudi na rozari mpya na kidumu cha maji ya Namugongo. Akamkuta binti yake amekaa jikoni, maana alikosa kufanya mtihani pamoja na wenzake. Mzee mwenyewe alituambia: "Nilikwenda kuwaombea watoto, kumbe niliwaibia." Binti huyo alirudi darasani mwaka uliofuata, lakini mwaka mmoja wa ujana wake ulikuwa umepotea. Basi fedha zikitosha mtu mmoja, aende mmoja. Achukue maombi ya nyumba nzima, kila mtoto amtajie lake, naye ayaweke mbele ya altare. Wanaobaki si wakristu wa daraja la pili.

La pili ni njia yenyewe. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80 hivi, na njia hiyo imeona damu nyingi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lilipasuka katika kanisa moja la Kasindi wakati wa ibada, likaua watu zaidi ya kumi. Mwezi wa Juni mwaka uo huo, ng'ambo ya pili, mjini Mpondwe, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule moja wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hatuandiki haya ili kuwatisha. Twataka mjue kwa nini askari wa mpaka wauliza maswali mengi na kufungua mizigo, msije mkadhani kwamba wawachukia. Tena twataka kila kiongozi wa kundi aulize habari za njia kwa paroko, kwa madereva wanaopita kila siku na kwa wakubwa wa serikali, tena aulize upya siku moja kabla ya kuondoka. Msafiri wa peke yake na gari la usiku yafaa viachwe kabisa. Na kama habari ni mbaya, bakini. Mashahidi hawakukimbilia kifo kwa ujasiri wa bure. Kifo kiliwafuata, nao wakakataa kuikana imani. Misa ya tarehe 3 Juni katika parokia yako ni Misa ile ile.

La tatu ni karatasi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Pasipoti za Kongo hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje; nazo hazipatikani kwa siku mbili. Mwenye nia ya kwenda mwezi wa Juni aanze kuitafuta wakati wa Noeli. Aliye nayo tayari aifungue, aone itakwisha lini, maana nchi nyingi hutaka ibaki na nguvu miezi sita zaidi. Tuliona watu waliokuja mpakani na karatasi ya CEPGL wakidhani yatosha. Umoja huo, ulioanzishwa mwaka 1976, ni wa Kongo, Rwanda na Burundi, Uganda haimo. Na ile karatasi ndogo ya wachuuzi, wanaovuka asubuhi kwenda sokoni na kurudi jioni, haimfikishi mtu Kampala. Ni kweli kwamba Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini ushirika huo haukuondoa haja ya karatasi za safari. Habari za viza na ada zake hubadilika. Mtu asitegemee aliyoambiwa na jirani aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Aulize ofisini mwezi ule ule wa safari. Kuuliza si ujinga.

Watoto wana karatasi zao. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na katekista, awe na pasipoti yake, cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya ruhusa ya wazazi iliyopigwa muhuri na serikali ya mtaa. Tunaishi katika nchi ambayo watoto wengi wamepotea kwa sababu ya vita, na wengine wamechukuliwa kwa nguvu. Askari anayemuuliza mama, "Huyu mtoto ni wa nani?" atenda kazi njema, hata kama swali lachoma. Tukumbuke Familia Takatifu. Yosefu na Maria walikwenda hija Yerusalemu kila mwaka, walijua njia, walikuwa pamoja na jamaa zao. Hata hivyo walitembea safari ya siku moja wakidhani kwamba mtoto yumo katika msafara, kumbe amebaki nyuma, wakamtafuta siku tatu. Kama jambo hilo liliwapata wao, sisi tusijitumainie mno. Kila mtoto ashonewe mfukoni kipande cha kitambaa au karatasi yenye jina lake, jina la parokia, na namba ya simu ya kiongozi. Na kila mara kundi linapopanda gari, watu wahesabiwe kwa majina.

Nakala za karatasi zote zibaki nyumbani, katika mikono ya mtu anayejua kusoma. Mtu akiibiwa begi Kampala, nakala hiyo itakuwa ushahidi wake.

La nne ni afya. Mpakani utaulizwa kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ni sindano moja. Cheti huanza kuwa na nguvu siku kumi baada ya sindano. Kwa hiyo anayechanjwa juzi ili avuke leo amechelewa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho chadumu maisha yote. Anayekuambia urudie kila miaka kumi akupotosha. Wako pia wanaouza kadi bila sindano. Mwenye kununua kadi ya namna hiyo amedanganya serikali, na zaidi ya hayo amejidanganya mwenyewe, kwa maana mbu hasomi kadi.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Kuanzia mwezi wa Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu ya mashariki. Mwezi wa Juni 2019 ulivuka mpaka ukaingia Kasese pamoja na familia moja iliyokuwa imekuja Kongo kumwuguza mzee wao. Familia hiyo haikutaka kumdhuru mtu. Upendo ndio uliowaleta, na ugonjwa ulifuata njia ya upendo. Kwa hiyo mwenye homa, mwenye kutapika, aliyemwuguza au kumzika mgonjwa asiyejulikana ugonjwa wake, asipande basi la hija. Aende kwanza kwa mganga wa hospitali. Mpakani, tunawe mikono na kukubali kupimwa joto bila manung'uniko. Nyama ya porini, hata iliyokaushwa vizuri, ibaki nyumbani. Mwenye dawa za kila siku, kama za shinikizo la damu au za kisukari, achukue za kutosha kwa safari na kwa siku chache zaidi, pamoja na karatasi ya daktari.

La tano ni fedha na unyofu. Faranga zetu hazitumiki Kampala. Huko ni shilingi ya Uganda. Dolari hubadilishwa, lakini iliyochanika hata kidogo, na iliyochapwa zamani sana, hukataliwa. Badilisheni katika ofisi yenye mlango na jina, wala si kwa kijana anayekimbilia dirisha la gari. Kabla ya kuondoka uliza bei ya siku ile, uiandike, ujue shilingi ngapi zalingana na dolari moja. Usiweke fedha zote mahali pamoja: kidogo mfukoni, nyingine ndani ya nguo, nyingine kwa mwenzako wa kuaminika.

Na itatokea kwamba mtu atakunong'oneza: "Karatasi haitoshi, lakini tutaelewana." Hapo mkumbukeni ndugu yetu Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Watu walitaka kumhonga apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, kwa kuwa kingewadhuru walaji. Akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mtu wa kwetu alikufa kwa kukataa rushwa. Je, sisi tutatoa rushwa ili tukawaheshimu mashahidi? Mwenye karatasi kamili hana haja ya kunong'ona na mtu. Ndiyo maana twasisitiza matayarisho: mara nyingi rushwa hutoka katika mfuko wa yule ambaye hakujitayarisha.

Ukiisha kuvuka mto Lubiriha uko Mpondwe, na mambo kadha yamebadilika. Saa ya kwanza kubadilika ni ile ya mkononi: kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, huko ni saa tatu. Kundi lililoahidiwa basi saa nne, likitumia saa ya Beni, litalikuta limekwenda. Magari ya Kongo hupita upande wa kuume wa njia, ya Uganda hupita upande wa kushoto. Jambo hili si dogo. Mtu aliyezoea kutazama kushoto kwanza anapovuka barabara, akifanya hivyo Kampala, gari litamjia kutoka kuume. Wafundisheni watoto kabla ya kuondoka, wafanye mazoezi uani kama mchezo. Pikipiki za kuchukua watu, ambazo huko huitwa bodaboda, ni nyingi mno. Patana bei kabla ya kupanda, wala usipande watatu. Soketi za umeme huko zina matundu matatu ya pembe nne, na plagi zetu zina miguu miwili ya mviringo. Kundi lichukue plagi ya kuunganishia, la sivyo simu zote zitazimika siku ya pili. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi, hata kofia tu, ziachwe nyumbani, kwa sababu sheria ya Uganda huwakataza raia kuzivaa. Wala usipige picha askari, daraja au ofisi ya mpaka.

Kwa habari ya lugha, wenyeji wa Kasese ni Wakonzo, na msomaji anayesema Kinande ataelewana nao kama ndugu, maana ni ndugu kweli. Mpaka ulichorwa kati yao na wageni. Lakini mbele zaidi, kilomita zaidi ya 300 hadi Kampala, watu husema Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili hakijulikani na kila mtu. Vijana mnaojifunza Kiingereza shuleni, hapo ndipo pa kuwasaidia wazee wenu. Andikeni katika daftari maneno ishirini: maji, hospitali, padri, njia, bei, nimepotea, asante. Na salamu ya Kiganda msiiache. Anayemsalimu mwenyeji kwa lugha yake amekwisha kubisha hodi.

Namugongo yenyewe iko kaskazini mashariki ya Kampala, kilomita 15 hivi. Basilika yake ilijengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiafrika, juu ya nguzo 22, nguzo moja kwa kila shahidi. Papa Paulo VI alifika Uganda mwaka 1969, Papa Yohane Paulo II mwaka 1993, na Papa Fransisko mwezi wa Novemba 2015. Siku ya sikukuu hukusanyika hapo mamia ya maelfu ya watu, na wako wanaotembea kwa miguu wiki nzima au zaidi kutoka nchi za jirani. Usitumaini kupata kitanda. Wengi hulala nje, nao usiku wa Juni una baridi na pengine mvua. Basi blanketi, mkeka, nailoni ya kujifunika na viatu vilivyozoea mguu vina faida kuliko suti mpya. Kundi lichague siku ya kwanza mahali pa kukutania, penye alama isiyohama, kila mtu apajue, na saa ya kukutana ijulikane. Simu husumbua watu wakiwa wengi namna hiyo. Mahali pa kukutania hapasumbui.

Wazee walisema: ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Utakula matoke ukiwa umezoea bugali, kula, ushukuru. Utaona wanawake wanapiga magoti wakiwasalimu wakubwa, usicheke. Na kama familia ya huko imekupokea, usiingie mikono mitupu: chukua kitu cha nyumbani, kahawa ya milima yetu au kikapu kilichosukwa na mama. Usiwalemee siku nyingi. Mgeni ni baraka hata siku anapoondoka, ikiwa ameondoka kwa wakati wake.

Limebaki moja, nalo ndilo la mwisho kutengenezwa kabla ya kufunga mlango. Waambie wanaobaki siku ya kurudi, jina la kiongozi, njia mtakayopita. Waonyeshe unga uko wapi, na fedha za dawa ziko wapi. Kama kuna mtu mliyegombana, nenda kwake jioni ile, mpatane. Ungama dhambi zako kwa padri wa kwenu, usingojee umati wa Namugongo. Katika njia kama yetu hakuna ajuaye siku zote kama atarudi, na mkristu hapaswi kuacha nyuma yake njaa, deni wala ugomvi.

Basi, msomaji mpenzi, kabla ya kuuliza basi laondoka lini, fungua sanduku leo. Itazame pasipoti. Itazame kadi ya manjano. Hesabu karo ya watoto, uiweke kando, usiiguse. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo, ni cha Namugongo. Nenda nacho kwa moyo mweupe, na wale unaowaacha watakusindikiza hadi barabarani wakiimba.